Kisichojulikana Hakirogwi

Efrazia alikuwa na watoto wawili wa kiume, na wa kwanza alimpoteza kwa sababu ya mbuzi. Hivyo ndivyo alivyoamini yeye, na ukitaka kugombana naye ungeanzia hapo.

Huyo wa kwanza, Herman, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma India. Baba yake, marehemu Hhando, alikuwa hai wakati ule. Akachinja mbuzi, akaita ukoo mzima, wazee wakamwombea kijana na watu wakaitikia kwa sauti moja, pombe ikanywewa mpaka yakabaki machicha. Pale mlimani juu ya mji wa Mbulu hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Herman wa Hhando anapanda ndege. Wiki haikuisha. Kijana alishuka mjini kununua viatu, na wakati wa kurudi bodaboda ikateleza kwenye kona ya udongo mwekundu, akaletwa nyumbani amefunikwa shuka. Watu wenye akili zao watakwambia kilichomuua Herman ni mvua ya Aprili na pikipiki isiyo na breki. Haya, nenda kamwambie hivyo mama yake! Efrazia alikaa msibani akiwatazama mmoja mmoja wale waliokula yule mbuzi, akijiuliza ni mkono wa nani. Macho yake yakaishia kwa Hilda.

Hilda ni mke mwenzake, maana ameolewa na Bonaventura, mdogo wake Hhando. Nyumba zao zinatazamana, katikati kuna shamba la vitunguu swaumu na njia ya ng'ombe. Waliazimana chumvi na kiberiti, walisukana nywele, kila mmoja alimpokea mwenzake kuni akimkuta njiani. Lakini kuaminiana, hapana. Hilda alikuwa na binti mmoja, Monica, na Efrazia alishajiambia kwamba mwanamke mwenye mtoto mmoja hawezi kufurahi mwenzake akiwa na wawili. Ushahidi hakuwa nao. Wivu haupimwi kwenye mizani, alisema, unauhisi tu mgongoni.

Miaka ikapita, Hhando naye akafuata njia ya wote, akabaki Pascal. Watu waliendelea kumwita Efrazia Mama Herman, na yeye aliitika.

Pascal alikuwa dereva wa matrekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, kijana mpole, mikono yake haikuisha grisi. Siku moja akaja nyumbani bila taarifa, akamkuta mama yake jikoni anakoroga makande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja katikati ya wiki? Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimepata kazi nje ya nchi, mama. Mkataba upo, visa inashughulikiwa."

Efrazia akaweka mwiko chini. Akaenda kufunga mlango, mchana kweupe, moshi wote ukabaki ndani, wakakaa humo wanatoka machozi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu. Na ofisi ya wakala Arusha."

"Basi iishie hapo. Usimwambie mtu. Si baba yako mdogo, si Hilda, si padri."

"Sawa. Kazi yenyewe iko..."

"Nyamaza!" Alimziba mdomo kwa kiganja chenye masizi. "Usiniambie nchi. Mimi mdomo wangu nikionja pombe kidogo unafunguka wenyewe. Nisipojua sitasema. Kisichojulikana hakirogwi, mwanangu."

Pascal alicheka mpaka akakohoa. Alidhani mama anatania. Mama hakuwa anatania.

Kijana alikuwa amejipanga vizuri, hilo tumpe haki yake. Kule Arusha walikuwa wamekalishwa darasani siku nzima wakafundishwa namna ya kusafiri salama, na yeye alisikiliza kama alivyozoea kusikiliza injini. Alitaka kuacha nakala ya pasipoti nyumbani, pamoja na jina la mahali pa kazi na namba ya simu ya huko. Mama akasema karatasi ina mdomo kuliko mtu. Alitaka kutaja jina la ndugu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Mama akasema, nani kakwambia litatokea? Unaliita la nini? Alitaka kwenda zahanati kwa nesi Kissa, yule mama wa Tukuyu aliyehamishiwa kwetu, amuulize kuhusu afya yake, dawa za kubeba, na dalili za kuangalia akifika huko. Hapo Efrazia aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kissa? Kissa anayeimba kwaya na Hilda? Ukiingia kwake saa nne, saa sita wanajua mpaka Haydom!"

"Mama, tuliambiwa lazima mtu aonane na mhudumu wa afya kabla ya kusafiri."

"Sindano si umechomwa Arusha? Zinatosha. Unaumwa? Huumwi. Herman naye alikuwa mzima kabisa, na kila mtu alijua anasafiri."

Ukimtaja Herman, mazungumzo yamekwisha. Pascal alikuwa anajua hilo tangu utotoni.

Nauli ilitoka kwenye madume ya ng'ombe aliyoacha baba yake, lakini hawakuyauza Mbulu. Efrazia aliyapeleka mwenyewe mpaka Mogitu kwa dada yake, yakauzwa mnadani huko kwa watu wasiomjua. Aliporudi akasema yamekufa kwa ugonjwa. Hilda akaja kumpa pole na sufuria ya maziwa mgando, akakaa kidogo, akasema Monica naye anamsalimia, sasa yuko Dodoma kwenye hoteli moja, kazi nyingi hata Krismasi hakupewa ruhusa. Efrazia akasema, aa, Dodoma, vizuri. Moyoni akasema, hoteli gani hiyo inayomnyima mtu Krismasi? Kweli au ndiyo yale mambo ya mjini? Alifurahi kidogo, Mungu amsamehe.

Visa ikachelewa. Pascal kukaa tu nyumbani bila kazi kungeleta maswali, na kurudi Hanang hakuweza, alikwishaaga. Ndipo Efrazia alipopata lile wazo lake. Kaka yake Meshack anafuga ng'ombe Yaeda Chini, kule bondeni ambako mtu wa mjini hafiki bila sababu. Pascal akajifiche huko mpaka siku ya kuondoka.

Kila mtu wa Mbulu juu anaijua Yaeda. Sisi huku tunalala na blanketi mbili, mbu tunawasikia redioni. Mtu wa juu akishuka Yaeda wakati wa mvua na kupanda tena, siku za mbele anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na mtoto wa darasa la pili atakwambia hiyo ni malaria ya Yaeda. Efrazia alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Chandarua kimoja kilichokuwepo kwake kilikuwa kimefunikiwa miche ya kabichi. Kingine kingepatikana zahanati, na zahanati ndipo alipo Kissa. Akamfungia kijana blanketi, akamwambia alale karibu na moshi wa zizi.

Asubuhi ya kushuka Yaeda ndiyo waliyoagana. Efrazia alichovya majani kwenye kibuyu cha maziwa, akamnyunyizia kichwani na kifuani, akaanza kuomba kama wanavyoomba wazee: njia yako iwe laini, mguu wako usikutane na mwiba, adui yako asikuone. Lakini maombi hayo yanahitaji watu. Mmoja anasema, wengi wanaitikia, na kule kuitikia ndiko kunakoyapandisha juu. Humo ndani walikuwa wawili tu, na anayeombewa haitikii. Basi Efrazia aliomba mwenyewe na kuitikia mwenyewe, kwa kunong'ona, jirani asisikie. Pascal aliinama, maziwa yakimchuruzika shingoni, wala hakucheka safari hii.

Alikaa Yaeda majuma kadhaa. Visa ilipotoka akapanda pikipiki kwa njia za porini akatokea Mang'ola, asionekane Mbulu, na kutoka huko akaenda zake. Watu walipouliza, Efrazia alisema Pascal yuko Mtwara, kwenye gesi. Kwa nini Mtwara? Kwa sababu ni mbali na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika akamuumbua.

Mwanzoni simu zilikuja. Namba ilikuwa ndefu ya ajabu, na Efrazia akimaliza kuongea anaifuta, kama alivyofundishwa na Pascal mwenyewe. Kijana alisema kazi ni nzuri, chakula hakina chumvi, watu hawasalimiani. Siku moja alikuwa na furaha kupita kiasi.

"Mama, leo kituo cha basi, ng'ambo ya barabara, nimemsikia dada mmoja, uso umefunikwa skafu, anaongea kwenye simu. Kiiraqw, mama! Kiiraqw kabisa cha kwetu! Nusura nimkimbilie katikati ya magari."

"Ukafanyaje?"

"Basi lake lilikuja. Kesho nitamtafuta."

"Ole wako, Pascal. Ole wako! Mtu wa kwetu akikuona huko, kabla hujafika nyumbani kwako habari zimefika hapa. Ukimwona tena, geuza uso. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Simu iliyofuata sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema ana mafua, mifupa inauma, anasikia baridi mpaka meno yanagongana, halafu anatoka jasho. Amenunua vidonge dukani, amewaambia kazini ni mafua, anaogopa wakijua anaumwa watamrudisha.

"Ni baridi ya huko," Efrazia akamwambia. "Lakini wewe ni mtoto wa Mbulu, baridi gani itakushinda? Kunywa chai ya moto, jifunike."

"Mama, kichwa kinaniuma sana."

"Jifunike, baba. Kesho utaamka mzima."

Mwanamke huyo huyo, mtoto wa jirani angekuja na maneno hayo kutoka Yaeda, angembeba mgongoni mpaka zahanati. Lakini akili yake ilikuwa huko ughaibuni, kwenye barafu aliyoiona kwenye kalenda. Akakata simu, akaifuta namba.

Baada ya hapo simu haikulia tena. Akajipa moyo: vocha imeisha, simu imeibiwa, kazi nyingi. Aliichaji ile simu hata ikiwa imejaa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Ilikuwa siku ya kukata mabua ya vitunguu swaumu kwa Hilda, na wanawake wa pale wote walikuwa uani kwake, kila mtu na kisu chake, harufu inapanda mpaka machoni. Akaja Idd, mtendaji wetu wa kijiji, kijana wa Kondoa, mwenye adabu, simu yake mkononi.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

"Samahanini nawakatisha. Nimetumiwa ujumbe kutoka wilayani, nao wametumiwa na Watanzania walioko nje. Kuna kijana amelazwa hospitali huko Polandi, hajitambui. Jina Pascal Hhando, mzaliwa wa Mbulu. Madaktari wanatafuta ndugu zake haraka, kuna mambo wanataka kuuliza. Picha ipo lakini imegoma kufunguka, mtandao wa huku mnaujua wenyewe."

Kisu cha Hilda kikateleza, kikamkata kidole. "Polandi?" akasema, damu inadondokea vitunguu wala haoni. "Umesema Polandi?"

Efrazia aliiona ile damu, akaiona na ile sura. Ahaa, akasema moyoni. Mbona umeshtuka, mama? Umesikia nini, umeambiwa na nani? Na hapo hapo, chini ya wazo hilo, likaja jingine: je, ni yeye? Ni Polandi alikokwenda? Hakujua. Alikuwa amemziba mtoto mdomo kwa mkono wake mwenyewe ili asijue.

"Akina Pascal Hhando Mbulu hii wamejaa," mwanamke mmoja akasema. "Hata Dongobesh wapo."

"Ndiyo maana nazunguka," Idd akajibu. "Mama Herman, Pascal wako yuko wapi siku hizi?"

Visu vyote vikasimama. Wakamwangalia wote, wale wale waliokula mbuzi. Angeweza kusema, subiri Idd, hebu tuingie ndani. Maneno machache tu hayo! Lakini angeingia ndani na mtendaji mbele ya macho yote yale, na Hilda angejua.

"Wangu yuko Mtwara," akasema. "Juzi nimeongea naye. Mzima wa afya."

"Alhamdulillahi," Idd akasema. "Basi nitawajibu kwamba huku hayupo, watafute kwingine."

Akaenda zake. Hilda akafunga kidole kwa kipande cha kanga, hakusema neno tena siku ile. Efrazia aliendelea kukata mabua, na mikono yake ilikuwa inakata hata palipokwisha kukatwa.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Idd, peke yake, amejitanda mpaka usoni. Mlango umefungwa. Mtendaji ameitwa semina Babati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa pale nje, akamuuliza, vipi Mama Herman, kuna shida? Tukusaidie? Angemwambia mwenyekiti, mwenyekiti angempigia Idd, na Idd angepiga huko. Lakini mwenyekiti ana mke, na mke ana mdomo. "Hakuna shida," akasema. "Nitamsubiri mwenyewe." Akarudi nyumbani, akasubiri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wengine huchimba na kuteremsha watoto wao.

Idd aliporudi hakungoja kufuatwa. Alikuja yeye, pamoja na mwenyekiti na nesi Kissa, na Efrazia alipomwona Kissa amevua kofia yake ya kazi akajua. Picha ilikuwa imefunguka Babati. Ilikuwa ile ya pasipoti, Pascal na shati la bluu ambalo mama yake alimpigia pasi mwenyewe, humo jikoni, mlango umefungwa.

"Mama," Idd akaanza, akashindwa, akaanza tena. "Amefariki. Pole sana, mama yangu. Ilikuwa malaria, ikapanda kichwani. Walikuja kuigundua mwishoni kabisa, kwao ni ugonjwa wa nadra. Walikuwa wanatafuta ndugu wawaulize kitu kimoja tu, kama kabla ya safari alikuwa sehemu yenye malaria. Kwenye pasipoti wamesoma Mbulu, wakatafuta habari za Mbulu, wakakuta ni nchi ya milima na baridi."

"Alikuwa Yaeda," Efrazia akasema.

"Yaeda?" Kissa akashika mdomo. "Yaeda na mvua hizi? Mama Herman, mbona hakupita kwangu? Ningemwambia akisikia baridi tu huko aendako aseme malaria, aseme neno hilo hilo moja! Mbona hukumleta?"

Efrazia alimtazama Kissa kama anayemwona mara ya kwanza, mwanamke mnene wa Tukuyu mwenye macho mekundu, anayelia kwa ajili ya mtoto asiye wake. Kisha akaanguka.

Msiba uliwekwa bila maiti. Watanzania wa huko walisema watamzika wao, wameshachangishana, na padri wamempata. Huku tulikaa uani tukitazama picha kwenye kiti. Watu walikuja wengi, na kila aliyeingia aliuliza kwa upole: si tuliambiwa Mtwara?

Siku ya pili Hilda akaja kukaa karibu na Efrazia. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba kuliko wa mfiwa, na Efrazia akachukia. Unalilia nini wewe? Hilda akamshika mkono, akamwinua, akampeleka nyuma ya ghala la mahindi ambako hapakuwa na watu. Akatoa simu, akapiga, akamwekea Efrazia usoni. Kwenye kioo akatokea Monica, kofia ya sufu kichwani, nyuma yake dirisha na theluji.

"Mama mkubwa," Monica akasema, akaangua kilio.

"Uko wapi wewe?" Efrazia akauliza. "Hiyo ndiyo Dodoma?"

"Niko Polandi, mama mkubwa. Mwaka wa pili huu. Nakata uyoga kwenye mashamba. Mji huo huo, mama mkubwa. Pascal alikuwa mji huo huo!" Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Nilimwona. Siku moja nilikuwa kituoni naongea na mama kwenye simu, nikamwona mtu ng'ambo ya barabara ananitazama, nikasema huyu si Pascal? Roho ikanidunda. Lakini mama alishaniambia nikimwona mtu wa nyumbani nigeuze uso, na makundi ya Watanzania nisiingie. Nikavuta kofia, nikapanda basi ambalo hata si langu. Nikasema labda nimemfananisha. Mama mkubwa, ningejua! Angeniambia tu anatetemeka, ningemuuliza, umeshuka Yaeda? Ningempeleka mwenyewe hospitali, mimi lugha yao naijua!"

Efrazia alimrudishia Hilda simu. Akakaa chini kwenye maganda ya mahindi. Hilda akakaa naye. Wanawake wawili walioishi nyumba zinazotazamana, wakila chumvi moja, na kila mmoja alikuwa amempiga mwenzake chenga, ya Mtwara na ya Dodoma.

"Siku ile uani kwangu," Hilda akasema, "niliposikia Polandi nilidhani habari za Monica zimevuja. Nikanyamaza. Ningesema tu neno moja, Monica angekwenda kumwona."

"Na mimi ningesema neno moja," Efrazia akasema.

Wakalia. Kwa mara ya kwanza tangu wote waolewe katika ukoo ule, walilia pamoja bila kuchunguzana. Na kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa na nafuu kidogo. Lakini Hilda alipofuta machozi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamsogelea.

"Mke mwenzangu, nakuomba kitu. Mambo ya Monica usimwambie mtu. Mkataba wake haujaisha. Umeona walichomfanyia Pascal? Na wao hata hawakujua yuko wapi! Je, wakijua?"

Efrazia alijisikia yeye mwenyewe katika maneno yale, sauti yake, hofu yake, kila kitu.

"Hilda," akasema. "Nani amemfanyia Pascal? Mimi ndiye nimemfanyia."

"Usiseme hivyo, ni uchungu."

"Nitasema. Nitamwambia kila mtu, hata mbwa nitawaambia."

Jumapili kanisa lilijaa, misa ilikuwa ya Pascal. Baada ya matangazo katekista akauliza kama familia ina neno la shukrani. Watu walitegemea Bonaventura asimame. Akasimama Efrazia.

"Mwanangu hakuwa Mtwara," akasema. "Niliwadanganya. Alikuwa Polandi, na nilimkataza hata mimi asiniambie. Nilimficha Yaeda msimwone, akaumwa na mbu wa Yaeda. Nilimkataza kwenda kwa nesi. Idd alipokuja kuuliza, mtoto akiwa bado anapumua, nilimkana mbele yenu, kwa sababu niliwaogopa ninyi. Herman mimi nilisema mmemuua. Pascal hamkujua alipo, na amekufa. Sasa niseme nani ameniroga?" Akageukia benchi la Hilda. "Mwingine ni Monica wa Hilda. Hayuko Dodoma. Yuko mji ule ule wa Polandi, na lugha ya huko anaijua. Mwenye mtoto huko, mwenye mtoto anayekwenda huko, namba yake ni ya Hilda kuitoa. Mwombeni. Asife mwingine peke yake."

Hilda alinyanyuka kwenye benchi, akatoka nje na kuupiga mlango. Mpaka leo hawasalimiani. Chumvi kila mmoja anaazima kwa watu wengine, na ile njia ya ng'ombe imeota majani.

Efrazia alibaki kanisani watu walipotoka. Alidhani hakuna atakayemsogelea. Wa kwanza kuja alikuwa katekista mwenyewe, amekunja kitabu chake cha nyimbo kwapani. Alipiga goti kando yake kama anayesali.

"Mama Herman, umesema vema," akanong'ona. "Hata Gregory wangu... watu wanajua yuko Arusha. Yuko Omani. Lakini ibaki hapa hapa."

Akaondoka. Nyuma yake akaja mwanamke wa kwaya, naye akanong'ona, binti yake yuko nje, tafadhali asimwambie mtu.

Wa mwisho alikuwa bibi Mectilda, mzee wa fimbo, aliyewahi kuitikia kwa nguvu kuliko wote siku ile ya maombi ya Herman. Alikaa, akapumua, akageuka kuona kama mlangoni kuna mtu.

"Mjukuu wangu Brightness," akasema, "naye ameondoka mwezi uliopita. Nilikuwa sijamwambia mtu. Juzi amepiga simu, anasema anaumwa kichwa, anasikia baridi."

Efrazia akamshika mkono kwa nguvu. "Shikamoo bibi, nisamehe, sikukuamkia. Yuko nchi gani? Sema haraka, twende kwa Kissa sasa hivi. Nchi gani?"

Bibi Mectilda aliinamia fimbo yake.

"Sijui," akasema. "Nilimwambia asiniambie."